Kanda za harusi za VHS: deki na chogo, deki na flati, kuhamisha mwenyewe, au kumpa fundi?

Kwenye kabati la mama kuna kanda sita za VHS. Moja imeandikwa kwa kalamu ya buluu, "Harusi, kanda ya 1", na ubavuni kwenye karatasi ya kiwanda pana chapa ya E-180. Bibi yangu yumo ndani ya kanda ile kwa muda usiozidi dakika mbili. Anapiga vigelegele, anageuka, anamwona mpiga video amemkaribia na lile likamera la begani, anamwambia, "Baba, hebu pisha, mwanangu anapita." Bibi ameshafariki, na sauti yake haijabaki mahali pengine popote.

Tangu nilipoanza kuhangaika na kanda hizo, ndugu na majirani wamekuwa wakiniuliza swali moja. Nao wana za kwao: harusi, komunio, arobaini ya mtoto, mahafali. Wanataka kujua wafanyeje. Watafute deki nzima na TV ya chogo watazame kama zamani? Waichomeke deki kwenye flati ya sebuleni? Wahamishie kwenye flashi wenyewe? Au wampe fundi wa studio amalize kazi?

Njia zote nne nimezipitia, na kila moja ina mtu wake. Nitazipima kwa mambo manne yaleyale: vifaa unavyohitaji, picha na sauti utakayopata, usalama wa kanda yenyewe, na muda ambao njia hiyo itakuhudumia. Kwangu mimi usalama wa kanda ndio mzito kuliko yote. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kanda iliyokaa mahali pakavu inaweza kuwa bado nzima kabisa. Zinazokwisha ni deki, na spea zake ni zile zinazotolewa kwenye deki nyingine iliyokufa. Kwa hiyo kila unapoamua kutazama, unaamua pia deki iliyopo uitumie kwa kazi gani.

## Maneno yaliyoandikwa kwenye kanda na deki

Watu wengi hununua kifaa kisichowafaa kwa sababu ya maneno haya, kwa hiyo tuyamalize kwanza.

PAL, NTSC, SECAM. Hii ni mifumo ya rangi ya televisheni za zamani. PAL ina mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. NTSC ina mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Uingereza zilitumia PAL. Marekani, Kanada na Japani zilitumia NTSC. SECAM ilikuwa ya Ufaransa na nchi kadhaa zilizofuata mkondo wake. Maana yake ni kwamba kanda aliyokutumia shangazi kutoka Muscat itacheza kwenye deki ya nyumbani bila shida, ila ile ya kaka aliyeko Toronto itapanda na kushuka, au itatoka nyeusi na nyeupe, usipokuwa na deki inayosoma NTSC pia. Deki ya namna hiyo huandikwa "Multi System" au "NTSC Playback" usoni.

E-180, E-240, T-120. Namba ni dakika. Herufi E ilitumika kwa masoko ya PAL na SECAM, herufi T kwa masoko ya NTSC. Usiichukulie herufi kuwa ushahidi wa mwisho, maana mpiga video wa Dar angeweza kununua kaseti ya T-120 na kurekodia PAL humohumo. Inakupa dokezo tu.

SP na LP. Ni mwendo wa kanda. Kwa SP, kanda ya E-180 inachukua saa tatu. Kwa LP inachukua saa sita, kwa sababu utepe unakwenda nusu ya mwendo. Picha ya LP ina chenga zaidi na ni korofi: inaweza kucheza vizuri kwenye deki iliyoirekodi, ikakataa kwenye nyingine. Kama deki yako inaonyesha LP, huenda unachoshika ni nakala aliyotoa mtu kubana matumizi, na kanda mama iko kwa ndugu mwingine. Itafute hiyo kwanza. Kila nakala ya VHS hupoteza kitu, na nakala ya nakala huonekana wazi: nyekundu ya khanga inavuja nje ya mipaka yake, nyuso zinakuwa kama zimepakwa unga.

Hedi na dramu. Ndani ya deki kuna ngoma ndogo ya chuma inayong'aa, kipenyo chake milimita 62. Inazunguka mara 25 kila sekunde huku imebeba hedi, vile vichwa vidogo vinavyosoma picha. Utepe wenyewe unasogea polepole sana, sentimita 2 na pointi kidogo kwa sekunde. Hedi zinagusa utepe. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini vumbi, ukungu na mchanga ni maadui wakubwa hivi.

Tracking. Kile kitufe au gurudumu la kupanga hedi ifuate njia ya picha sawasawa. Ukiona ukanda wa chenga umekaa katikati ya picha na hausogei, usikimbilie kusema kanda imekufa. Zungusha tracking taratibu mpaka ukanda ushuke nje ya picha.

RF na AV. Ni njia mbili za kutoa picha kwenye deki. RF ni waya wa antena. AV ni zile pini tatu: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Deki nyingi za kawaida ni mono, zina njano na nyeupe tu, kwa hiyo usihangaike kutafuta tundu jekundu lililopotea. AV ni safi kuliko RF siku zote.

## Kabla ya kuchagua, iangalie kanda

Isogeze kaseti kwenye mwanga, tazama kupitia kidirisha chake. Utepe uliojikunja unatakiwa uwe mweusi, umesawazika kama meza. Ukiona mabaka meupe mfano wa unga wa muhogo, huo ni ukungu, nasi watu wa pwani tunaujua kwa hewa yetu ya unyevu. Kanda yenye ukungu usiichomeke popote. Itachafua hedi, na kanda itakayofuata itachanwa na uchafu huo.

Kisha geuza ubavu wenye nafasi ya karatasi ya jina. Upande mmoja kuna kijipande kidogo cha plastiki. Kikiwepo, deki inaweza kurekodi juu ya harusi yako kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kivunje kwa bisibisi. Nimeona harusi iliyokatwa katikati na robo saa ya mechi ya mpira.

La tatu nilijifunza kwa maumivu. Kanda yetu ya pili nilimpelekea fundi mmoja wa mtaani. Aliichomeka moja kwa moja kwenye deki iliyokuwa imekaa miezi bila kazi, hakuijaribu kwanza kwa kanda isiyo na thamani. Tukasikia mkwaruzo, sauti ya taarabu ikavutika ikawa nzito, na alipobonyeza itoke, kaseti ikatoka huku utepe umenasa ndani. Akauvuta. Pale maharusi walipokuwa wanaingia ukumbini sasa pana mikunjo, na picha inachanika kwa karibu nusu dakika. Siku hizi natembea na kanda ya zamani ya filamu isiyo na maana kwangu. Deki yoyote inacheza hiyo kwanza, mwanzo hadi mwisho, mbele na nyuma, ndipo naitoa ya bibi mfukoni. Na deki ikitafuna, zima, chomoa umeme, fungua kifuniko cha juu, uutoe utepe kwa vidole bila kuuvuta.

## Deki na TV ya chogo

Vifaa. Deki ya mtumba na chogo ya mtumba. Chogo bado zipo kwa mafundi na kwenye stoo za nyumba za wazee, mara nyingine zinatolewa bure kwa sababu mwenye nyumba anadhani zimekufa. Dhana hiyo ilikuja pale mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya mwaka 2015. Kilichozimwa ni minara. Deki yenyewe ni kama kituo kidogo ndani ya waya: ukitumia RF, unatafuta chaneli yake kwenye TV, mara nyingi karibu na 36 ya UHF, na picha inatokea kama vile hakuna kilichotokea. Ving'amuzi havihusiki hapa kabisa.

Picha na sauti. Hapa ndipo VHS iko nyumbani kwake. Kanda hizi zina wastani wa mistari 240 tu ya uwazi wa picha ukipima kwa upana, na kioo cha chogo kilitengenezwa kwa kiwango hicho. Kinalainisha kasoro. Kingo za picha zinafichwa nyuma ya fremu ya plastiki, kwa hiyo ule mstari unaochezacheza chini kabisa ya picha huuoni. Rangi ni za joto. Mama alipoiona harusi yake kwenye chogo baada ya miaka mingi, alisema tu, "Ndivyo ilivyokuwa," na nilimwelewa. Watoto wanaweza kulalamika kuna mlio mwembamba. Ni kweli upo, TV ya PAL inachora mistari 15,625 kwa sekunde na masikio machanga yanausikia.

Usalama wa kanda. Kila mara unapotazama, hedi inapita juu ya utepe uleule. Kanda moja inaweza kuhimili kutazamwa mara nyingi kwenye deki safi, na inaweza kuharibika mara ya kwanza kwenye deki chafu. Umeme nao ni wa kuuangalia, maana ukikatika katikati ya kanda, utepe unabaki umezungushiwa dramu. Tumia UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Na chogo usiifungue nyuma mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, kioo chake huhifadhi maelfu ya volti. Hiyo mwachie fundi.

Itadumu? Mpaka mpira wa deki ulegee, au chogo yenyewe ife. Hakuna anayeweza kukuahidi tarehe.

Inamfaa nani. Mzee anayetaka kutazama kwa raha zake, anayejua kuchomeka kaseti na hataki menyu za kisasa. Na yeyote ambaye tayari ana nakala ya kanda mahali pengine.

## Deki na flati ya sebuleni

Vifaa. Wengi huanzia hapa, na wengi hukwama hapa. Geuza TV yako utazame nyuma. Kuna aina tatu.

Flati za zamani kidogo zina matundu matatu ya rangi, unachomeka moja kwa moja. Nyingine zina kitundu kimoja kidogo kama cha hedifoni kilichoandikwa "AV IN". Kinahitaji waya wake maalumu, na nyaya hizo zinafanana kwa sura ila mpangilio wa ndani hutofautiana. Ukichomeka usio wake utasikia sauti inaunguruma mahali pa picha. Jaribu kubadilisha rangi: chomeka njano ya deki kwenye nyekundu ya waya, kisha nyeupe, uone kama picha itatokea. Aina ya tatu ndiyo mpya kabisa, ina HDMI tu.

Kwa hiyo ya tatu unahitaji kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI. Sikiliza hapa vizuri, kwa sababu dukani kuna viboksi viwili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kimeandikwa "AV2HDMI", kingine "HDMI2AV". Cha pili kinafanya kazi kinyume: kinapeleka picha ya king'amuzi kipya kwenye chogo. Wewe unataka cha kwanza, ambacho pini tatu za rangi ndizo zinaingia na HDMI ndiyo inayotoka. Na kinakula umeme wake mwenyewe kupitia waya mdogo wa chaja. Wasipokuambia, utakaa nacho jioni nzima ukidhani ni kibovu.

Picha na sauti. Muuzaji atakuambia TV yake ni 4K, au QLED, au OLED. Maneno hayo ni ya kweli kwa kazi nyingine. LED na QLED ni habari ya taa iliyo nyuma ya kioo na namna rangi zinavyopatikana. OLED ni kioo ambacho kila nukta inawaka yenyewe, ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli. Full HD ni nukta 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160. Ila picha ya PAL ikinaswa kidijitali ni nukta 720 kwa 576, na VHS yenyewe haiijazi hata hiyo. Fanya hesabu: kwenye 4K, kila nukta ya kanda inatandazwa ijaze nafasi ya nukta 20. TV inabuni zilizobaki. Ndiyo maana harusi ileile inapendeza kwenye flati ya inchi 32 na inachosha macho kwenye inchi 65.

Mambo matatu yanasaidia sana. La kwanza, weka umbo la picha kuwa 4:3. Bibi hakuwa mnene vile. TV ndiyo imemvuta ajaze kioo cha 16:9. Bora pabaki kuta mbili nyeusi kushoto na kulia. La pili, shusha ukali wa picha, ule unaoitwa "Sharpness", hadi karibu na sifuri, kwa sababu unachonoa pale ni chenga. La tatu, usishtuke na ule mstari unaotetemeka chini kabisa ya picha. Ulikuwepo siku zote. Ni pale hedi moja inapoipokeza nyingine kazi, na chogo ilikuwa inauficha.

Kuna kero moja haina dawa nyepesi. Kanda ikifika mahali palipochoka, chogo ingeonyesha chenga kisha ikaendelea. Flati nyingi hukata picha kabisa na kuandika "No Signal". Kumbe picha ipo. Ukikutana na hilo, usiitupe kanda kabla hujaijaribu kwenye chogo.

Usalama wa kanda. Ni sawasawa na njia ya kwanza, kwa sababu deki ni ileile.

Itadumu? Deki inazeeka, na matundu ya AV yanazidi kupungua kwenye TV mpya. Viboksi vya kugeuza vipo madukani kwa sasa.

Inamfaa nani. Familia yenye deki nzima tayari, inayotaka kutazama mara moja siku ya mkusanyiko bila kutafuta TV nyingine. Na mtu anayetaka kuchambua kwanza kanda zipi zina kitu na zipi ni tupu, kabla ya kulipia kuzihamisha.

## Kuhamisha mwenyewe kwenye kompyuta

Vifaa. Deki nzuri kuliko zote unazoweza kuazima, kompyuta, na kile kidude cha kunasa video chenye matundu ya AV upande mmoja na USB upande wa pili. Programu ya OBS Studio ni ya bure na inatosha. Tenga pia nafasi ya kutunzia: ukihifadhi faili la MP4 kwa kiwango cha megabiti 5 kwa sekunde, saa moja ni takriban GB 2.25, kwa hiyo kanda nzima ya saa tatu haifiki GB 7.

Kitu ambacho watu hawakitarajii ni muda. Kanda ya saa tatu inahamishwa kwa saa tatu. Hakuna kuharakisha. Kanda zetu, ukiacha moja yenye ukungu, zilikula wikiendi mbili, pamoja na kurudia.

Picha na sauti. Unavyonasa ndivyo utakavyobaki navyo, kwa hiyo panga kabla. Kwenye programu chagua PAL, ukubwa 720 kwa 576, umbo 4:3. Picha za VHS ni nusu mbili zinazopishana, mistari ya witiri kisha ya shufwa, nusu 50 kila sekunde. Usipowasha chaguo la kuziunganisha, kila mkono unaopunga utakuwa na meno ya kitana pembeni. Kwenye OBS, bonyeza kulia juu ya chanzo cha video, utakuta "Deinterlacing". Chagua mojawapo kati ya zilizoandikwa Yadif. Yenye "2x" inalainisha mwendo zaidi, nami ndiyo naipenda kwa ngoma na dansi, ila ili uone faida yake weka programu irekodi picha 50 kwa sekunde.

Sikiliza sauti kwa hedifoni dakika tano za mwanzo. Vidude vya bei ya chini huteleza, na baada ya saa moja midomo inasema kabla ya sauti. Ikitokea, rekodi kwa vipande vya nusu saa.

Usalama wa kanda. Hii ndiyo faida yake kubwa kwangu. Kanda inapita kwenye hedi mara moja, au mbili ukikosea, kisha inapumzika. Kabla ya kunasa, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo ili mkazo wa utepe ulingane. Safisha dramu kwanza: karatasi nyeupe safi iliyolowa spiriti kali ya isopropili, uishikilie imetulia huku ukizungusha dramu kwa kidole kwa juu. Usisugue kwenda juu na chini, utazing'oa hedi. Vijiti vya pamba vya masikio viache, nyuzi zake hunasa. Kisha acha ikauke kabisa.

Itadumu? Faili halichakai kwa kutazamwa. Linapotea kwa flashi kufa au simu kuibiwa, basi weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, moja nje ya nyumba. Kama flashi yako imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haitapokea faili moja linalozidi GB 4. Kata faili hilo vipande viwili au ipange flashi upya kwa exFAT, baada ya kuhakikisha TV yako inaisoma.

Inamfaa nani. Mwenye kanda nyingi, subira, na mtu mmoja ndani ya nyumba asiyeogopa kompyuta. Pia mwenye kanda za siri za familia ambazo hataki zitazamwe na mgeni.

## Kumpa fundi wa studio

Vifaa. Huhitaji kitu. Unabeba kanda, unalipa, unarudi na flashi. Wengi hutoza kwa kanda au kwa saa, kwa hiyo uliza ni kipi kabla ya kumkabidhi kaseti ya E-240 yenye harusi ya dakika arobaini.

Picha na sauti. Inategemea mkono. Studio nzuri ina deki zaidi ya moja, na ikiwezekana kifaa cha kutuliza picha inayotetemeka. Studio mbaya inarekodi kioo cha TV kwa simu. Mwambie akuonyeshe dakika moja ya kazi aliyoifanya kwa mteja aliyeridhia ionekane, na utazame vitu viwili tu: nyuso hazijavutwa pembeni, na mikono inayosogea haina meno ya kitana. Omba faili la MP4. DVD za kuchoma bado wanazitoa, lakini zinachakaa, na TV nyingi mpya zina tundu la USB tu. Mkatalie kuweka jina la studio juu ya picha na kukata "sehemu zisizo muhimu". Dakika mbili za bibi yangu zingekuwa za kwanza kukatwa.

Usalama wa kanda. Zihesabu mbele yake, ziandike namba, piga picha. Muulize kama deki imejaribiwa leo, na usione haya kumpa ile kanda yako ya kujaribia. Kwa kanda yenye ukungu au iliyokatika, huyu ndiye mtu wako, mradi amekuambia kwa kinywa chake ameshawahi kuzisafisha. Utepe uliokatika usiuungishe na selotepu ya ofisini. Gundi yake inahamia kwenye hedi.

Itadumu? Sawa na faili lolote. Usimruhusu afute nakala yake kabla hujatazama yako hadi mwisho nyumbani, na ukishatazama, mwombe aifute.

Inamfaa nani. Mwenye kanda chache za thamani kubwa, asiye na deki wala muda, au mwenye kanda iliyoumia.

## Kwa hali yako

Kama mzee wako anaumwa na anataka kuona harusi yake wiki hii, usianze na kompyuta. Azima deki, ijaribu kwa kanda nyingine, ichomeke kwenye TV yoyote iliyopo, mkae naye mtazame. Kunasa kutafuata wiki ijayo.

Kama una kanda moja au mbili na hujui zina nini, anzia kwenye flati, uzipitie mara moja, halafu uamue kama zinastahili studio.

Kama ni sanduku zima la ukoo, kanda ishirini na kuendelea, changeni mnunue deki moja nzuri na kidude kimoja cha kunasa, apewe kijana mmoja mwenye utulivu. Mkimaliza, deki ihamie kwa tawi lingine la ukoo.

Kama kanda imetoka Marekani au Kanada, usinunue deki kwa ajili yake tu. Mwulize aliyeituma kama anaweza kuihamisha hukohuko, ambako deki za NTSC ndizo za kawaida, akutumie faili.

Kama kaseti ni ndogo kuliko ya VHS, isome jina kabla ya kununua chochote. VHS-C inaingia kwenye ganda la kubadilishia na kucheza kwenye deki ya kawaida. Video8, Hi8 na MiniDV haziingii kwenye ganda lolote la namna hiyo. Zinahitaji kamera ya aina yake, au studio.

Na kama kanda yako ina mabaka meupe, iache ndani ya boksi lake, iandike "usicheze", iweke mbali na nyingine, imesimama wima, mahali pakavu, mpaka umpate mtu anayejua kuisafisha. Ya kwetu ya tano iko hivyo hadi leo.